Mama Tani Hapandi

"Panda basi, mara moja tu, mteja ana—"

"Nimesema sipan—"

"—haraka, mke wangu, usinitie aibu mbele ya wa—"

"Aibu ipi? Hapa anayepandishwa kochi ni mimi au wewe?"

"Umepandishwa wapi, si bado uko chini? Panda kwanza, halafu tugombane ukiwa juu."

Mteja alisimama katikati ya karakana, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akimtazama Fundi, mwenye karakana, na mkewe kwa zamu. Alikuwa msimamizi wa hosteli ya wanafunzi. Alikuja kutafuta makochi, akakuta ndoa ya watu. Pembeni, mdogo wake Fundi, ambaye kazi yake ni kukata sponji na jina lake pia ni Sponji, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kisu alichokuwa amekishika.

Katika karakana ile kochi haliuzwi kwa maneno. Mteja akisita, Fundi humwita mkewe. Mkewe huvua ndala, hukanyaga kiti, kisha hupanda juu ya mkono wa kochi, pale pembamba panapowekwa kikombe, akasimama wima na kujitingisha. Mama yule ana mwili. Si unene wa kusemwa kwa adabu, ni mwili haswa, wa kuingia nao mlangoni kwa mpango, na mtaani wanamwita Mama Tani hata watoto wake wakiwepo. Kochi likinyamaza, lisitoe hata mlio wa panya, Fundi hunyoosha mkono kama anayemkaribisha mgeni ukumbini na kusema neno moja: "Dyurabo." Hapo mteja huingiza mkono mfukoni.

Neno lenyewe lilikuja kwa bahati. Mchora kibao alimaliza kuandika MAKOCHI NA VITANDA akaona nafasi imebaki, akaijaza kwa herufi nyekundu: DURABLE. Fundi alipouliza maana yake, mchora kibao alisema ni kitu ambacho hakifi leo wala kesho. Fundi alilipenda neno lile kuliko kibao kizima. Tangu siku hiyo gundi nzuri ni dyurabo, chai nzito ni dyurabo, golikipa wa timu yake ni dyurabo hata akifungwa. Mvua ikinyesha kutwa nzima, Fundi hutazama juu na kusema, "Hii leo ni dyurabo."

"Goti haliko sawa," alisema Mama Tani kwa sauti ya kusikika na mumewe tu.

Fundi alisikia, lakini kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Akamgeukia mteja na tabasamu la biashara.

"Bosi, usijali, leo springi zimekaza. Lakini huyu mwenyewe, nikwambie ukweli, ndiye dyurabo namba moja humu ndani. Tangu nimuoe sijabadilisha hata msumari."

Mteja akacheka. Sponji akacheka mpaka kisu kikaanguka. Mama Tani naye akacheka, maana ndivyo alivyozoea, kucheka kwanza halafu kuangalia baadaye kama kilichosemwa kinachekesha. Safari hii aliangalia mapema. Akaacha kucheka, wenzake bado wanaendelea, akachukua mkoba wake ukutani, akatoka bila kuaga. Walioketi nje ya saluni ya jirani, waliokuwa wamesogeza viti kidogo ili waone akipanda, wakavirudisha.

"Jumamosi nitapita tena," alisema mteja. "Ukumbi mzima, na vyumba vya kusubiri vyote. Lakini vijana wa siku hizi hawakai, Fundi, wanajitupa. Nataka nilione limepandwa. Hayo maneno ya dyurabo hata fundi aliyetutengenezea ya kwanza aliniambia, na yote yamevunjika."

Akaondoka. Sponji akaokota kisu. Hakuna aliyesema kitu kuhusu mwenye jengo, ambaye wiki ile alipita na mtu mgeni mwenye futi, wakapima karakana kutoka ukuta hadi ukuta kana kwamba Fundi na mdogo wake ni vumbi. Mtu huyo mgeni anauza simu. Watu siku hizi hununua makochi yaliyokuja yamefungwa kwenye maboksi, kodi ya pango inachelewa, na bila oda ya hosteli ile karakana ilikuwa inakwenda kuwa duka la simu.

 

Nyumbani kwa fundi makochi kulikuwa na kochi moja bovu kuliko yote mtaani. Mguu wa nyuma ulivunjika zamani, mahali pake pakawekwa tofali, na Fundi kila akiulizwa husema atalishughulikia akipata nafasi. Juu ya kochi hilo ndipo binti yao, anayeuza kwenye duka la dawa, alipomkuta mama yake jioni ile, amekaa, mkoba bado begani.

"Mama, jiko limezimika?"

"Halijazimika. Halijawashwa."

"Unaumwa?"

"Muulize baba yako. Bidhaa ni ya kwake."

Baba mwenyewe alikuwa anaingia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufunua sufuria. Akaifunika tena taratibu.

"Kwa hiyo bado tuko kule kule," alisema.

"Tuko wapi? Mimi niko kwenye kochi."

"Mama wewe, mimi nilikusifu. Nilikusifu mbele ya mtu mwenye gari. Wenzako wanatafuta kusifiwa na waume zao hawapati."

"Umenisifu kama ndoo."

"Kuna ndoo nzuri."

Binti akageuza uso ukutani. Alikuwa anapigana na kicheko na hakutaka mama yake auone.

"Wewe usicheke, wewe umesoma," Fundi akamgeukia. "Hebu mwambie mama yako maana ya dyurabo. Angalia humo kwenye simu yako. Mimi nikisema ataona nimetunga."

Binti akakaa kwenye mkono wa kochi, akakumbuka, akashuka akakaa kwenye zulia. Akatafuta. Akasoma polepole, akigeuza maneno kwa Kiswahili kadiri anavyokwenda. "Kitu kinachodumu muda mrefu bila kuharibika wala kulegea, hata kikitumiwa sana."

"Bila kuharibika," Fundi alirudia, mikono kiunoni. "Wala kulegea. Sasa tusi liko wapi hapo? Nionyesheni tusi."

"Wametaja vitu gani?" aliuliza Mama Tani.

"Zulia. Viatu. Betri. Rangi ya ukuta." Binti akasogeza kidole. "Na amani. Nchi zikipatana kwa muda mrefu, ile amani nayo wanaiita hivyo."

"Amani," alisema Fundi. "Umeona wamekuweka na nani."

"Na mtu je? Wamemtaja mtu?"

Binti akasogeza tena, akachukua muda. "Mtu yupo mmoja. Mchezaji. Mchezaji anayecheza mechi zote, asiyeumia."

Fundi akapiga paja. "Si ndiyo. Wachezaji, tena wale wanaonunuliwa kwa mamilioni."

"Asiyeumia," alisema Mama Tani.

"Ee, ndivyo ilivyoandikwa."

"Mimi naumia."

Alisema kwa sauti ile ile ambayo mtu husema chumvi imekwisha. Fundi alibaki na mkono juu ya paja. Binti akaweka simu chini.

"Goti la kulia. Muuguzi amesema ile mito iliyo katikati ya mifupa imelika, sasa mfupa unakaa juu ya mfupa. Akaniambia nisipande vitu, nisiruke. Nikamwambia sawa. Nikaondoka pale nikaenda moja kwa moja karakana, nikapanda kochi la mteja mmoja, mwalimu."

Fundi aliielewa hali hiyo kuliko maradhi yoyote aliyowahi kuelezwa. Makochi ya namna hiyo yaliletwa kwake kila mwezi: kwa nje kitambaa kizuri, ukikaa unakutana na mbao. Na kwa sababu aliielewa vizuri mno, mdomo wake ukakimbilia pale unapokimbilia siku zote.

"Kumbe unahitaji sponji mpya tu."

Hakuna aliyecheka. Hata yeye alisikia jinsi utani ule ulivyododa.

"Alikwambia lini?" akauliza.

"Kabla ya mvua hizi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Ukasema, wewe? Wewe dyurabo. Halafu ukaniuliza futi yako iko wapi."

Fundi akafikiri. "Nikaipata?"

"Ilikuwa shingoni kwako."

Angenyamaza hapo, siku ingeisha vizuri kidogo. Lakini oda ya hosteli ilikuwa haimtoki kichwani. "Sasa ile Jumamosi," alianza, "yule bwana wa hosteli—"

"Baba," alisema binti.

"Nauliza tu. Kuuliza si kupandisha."

Mama Tani alishika ukingo wa kochi, akajisukuma, akashindwa, akajisukuma tena, akasimama. Akachukua mto wake chumbani kwa mumewe akaupeleka kwa binti yake. Usiku huo Fundi alilala peke yake kwenye kitanda alichokitengeneza mwenyewe, kitanda kipana, ambacho hakikulia hata alipogeuka.

 

Siku zilizofuata karakana ilijaribu kuendesha mambo bila yeye.

Kwanza alipandishwa Sponji. Sponji ni mrefu na mwembamba, na juu ya mkono wa kochi alionekana kama ufagio uliosahauliwa. Mume na mke waliokuja kutafuta kochi la sebuleni walimtazama kwa heshima. "Huyu hata kiti cha plastiki kinambeba," alisema mke, wakaenda zao.

Fundi akaja na wazo la mfuko wa simenti. Waliuinua watu wawili wakauweka juu ya mkono wa kochi, ukakaa, kochi likanyamaza. Alikuwepo bibi mmoja mwenye wajukuu wengi, akauzunguka mfuko ule mzima.

"Imetulia sana hii," alisema.

"Si ndiyo uimara wenyewe, mama."

"Lakini mimi nyumbani kwangu sina simenti, mwanangu. Nina watu. Yule mama mnene yuko wapi?"

"Amepumzika."

"Akimaliza kupumzika mniite."

Bibi alipotoka, Fundi na mdogo wake waliushusha mfuko. Halafu akavua viatu.

"Kaka, unafanya nini?" aliuliza Sponji.

"Nyamaza."

Akakanyaga kiti, akaweka mguu kwenye mkono wa kochi, akavuta pumzi, akapanda. Katika miaka yote aliyotengeneza makochi hakuwahi kufika pale juu. Ni parefu kuliko panavyoonekana. Pa kushika hapana. Mkono wa kochi ni mwembamba kuliko wayo, vidole vinatafuta mahali pa kung'ang'ania na kukuta kitambaa kinateleza. Na kutoka juu unawaona watu wote wanaokuona. Wale wa saluni walikuwa wamegeuza viti tayari. Mwendesha toroli alisimama na mzigo wake. Mtoto aliyetumwa sukari akasimama pia, mdomo wazi. Fundi akajikuta anavuta chini ncha ya shati lake, na hapo akakumbuka kuwa mkewe huvaa gauni.

"Tingisha basi," alisema mmoja wa saluni.

Hakutingisha. Alitaka kushuka, akaona hajui anashukia wapi. Kukanyaga kiti tena alihitaji kugeuka, na kugeuka hapakuwa na nafasi. Akaruka. Sakafu ya karakana ni saruji tupu, na ile saruji ikampanda kutoka kisigino hadi kwenye meno. Akabaki ameinama, ameshika goti, akipumua.

"Shemeji yako huwa anashukaje?" aliuliza akiwa bado ameinama.

"Anaruka," alisema Sponji.

"Kwenye sakafu hii?"

"Kwani tuna nyingine?"

"Na nani humshika?"

Sponji akafuta kisu kwenye suruali. "Mimi niko hapa nakata sponji. Wewe uko pale unamwambia mteja dyurabo."

Fundi alijaribu kukumbuka angalau siku moja aliyomwona mkewe akitua chini. Alimwona akipanda, mara nyingi mno. Alimwona juu, akijitingisha, akicheka na watu. Kutua hakukumbuka hata mara moja, maana kochi likishanyamaza yeye hugeuka, humtazama mteja usoni, ajue kama anatoa pesa.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani na mguu wa mbao chini ya kwapa. Akatoa tofali, akaweka mguu, akapima kwa jicho, akaongeza vipande chini ya miguu yote ili kochi liwe juu kidogo. Mama Tani alitoka chumbani kwa binti akamtazama akigongomea.

"Mgeni gani anakuja?" aliuliza.

"Hakuna mgeni."

Mama Tani akajaribu kukaa, akainuka. Aliinuka kwa mara moja. Hakusema asante, na mto wake haukurudi chumbani, lakini chakula cha usiku huo kilikuwa na sahani tatu.

 

Jumamosi Mama Tani alikuja karakana bila kuitwa, mwavuli mkononi umefungwa ingawa jua lilikuwa kali, akiutumia kama bakora na kujifanya hautumii. Vitambaa vyote vya makochi yale alishona yeye. Duka la simu likiingia pale halingemfukuza Fundi peke yake. Alikuwa ameamua njiani: atapanda mara hii moja, oda ipatikane, mengine yatazungumzwa baadaye.

Mteja alikuwa amefika. "Ahaa, mwenyewe huyu hapa," alisema, akarudi nyuma hatua kupisha nafasi.

Mama Tani akavua ndala. Nje, viti vya saluni vilisogea. Akaweka mkono mmoja kwenye mgongo wa kochi.

"Hapandi," alisema Fundi.

"Napanda," alisema mkewe.

"Hapandi mtu leo."

"Mwenye mguu ni nani?"

"Mwenye kochi ni nani?"

Mteja akatazama saa yake. "Samahanini, wazee. Mimi nimekuja kwa ajili ya hilo hasa. Lisipopandwa nitajuaje kama linadumu?"

Fundi akafungua mdomo, na kila mtu mle ndani alijua neno gani linakuja. Halikuja. Alilambalamba midomo kama aliyesahau jina la mtoto wake.

"Bosi," alisema mwishoni, "hili kochi litachakaa."

Sponji alifumba macho.

"Unasema?"

"Litachakaa. Njoo nikuonyeshe." Akalishika kochi upande mmoja, akamwashiria mdogo wake, wakalipindua miguu juu kama kuku wa kuuzwa. "Litaanza hapa mbele. Mtu anayesubiri haegemei, anakaa ukingoni. Kwa hiyo hapa sponji italala kwanza. Kwa nje hutaona kitu, kitambaa kitakuwa kizuri vile vile, watu wataendelea kukaa, kochi litanyamaza tu. Usingoje mpaka wakae juu ya mbao. Niite ikianza. Ikianza, si ikiisha. Nitakuja."

"Mwenzio wa kwanza aliniambia halifi leo wala kesho."

"Hata mimi ningekwambia hivyo wiki iliyopita."

"Kwa hiyo si la kudumu."

"Ni la kudumu. Ila linaumia. Mimi sikujua kama hayo mawili yanakaa pamoja." Alikuwa bado ameinama, mkono kwenye mbao. Sponji husema mpaka leo kwamba kaka yake alikuwa anaongea na kochi. Mteja alidhani anaongea naye. Mama Tani hakumwambia mtu yeye alidhani nini.

Mteja alizunguka kochi lililopinduliwa, akabonyeza pale mbele alipoonyeshwa, akabonyeza na nyuma. Alikuwa mtu aliyewahi kuona ukumbi wake mzima umejaa mbao zilizovunjika, na wakubwa zake wakimuuliza nani alikubali.

"Ukumbi sikupi," alisema. "Nikupe chumba kimoja cha kusubiri. Ukija siku nitakayokuita, tutaongea habari ya vingine. Usipokuja, nami nimejua."

Chumba kimoja. Kingemtuliza mwenye jengo kwa muda, si kwa muda mrefu. Fundi alikubali kabla hajamaliza kuhesabu kichwani, wakapeana mikono, na Sponji akaligeuza kochi likasimama tena kwa miguu yake.

Mama Tani akakaa juu yake. Alikaa katikati, akaegemea mpaka nyuma, akanyoosha mguu wa kulia mbele ya watu wote. Wa saluni, walipoona kwamba hakuna kitakachopandwa, walianza kurudisha viti, halafu mmoja akasita, kwa sababu yule mama alikuwa anajaribu kuinuka na hainuki. Kochi la hosteli lilikuwa la chini, la vijana. Alijisukuma mara mbili. Mara ya pili uso wake ulikunjamana, akaacha, akabaki pale akitweta kidogo.

"Mama, mimi nina gari hapo nje," alisema mteja. "Nitakusogeza."

"Asante baba. Gari sitaki."

Fundi alikwisha kufika mbele yake, mkono ameunyoosha, kiganja kimejaa gundi kavu. Ni mwanaume mdogo. Wakitembea pamoja barabarani, watu humwona mkewe kwanza, halafu yeye baada ya muda. Mama Tani aliutazama ule mkono kama unavyotazama kitu ulichokitafuta nyumba nzima, ukaacha kukitafuta, ukazoea kuishi bila hicho. Hakuushika.

"Geuka," alisema.

Fundi akageuka, akidhani kuna kitu nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na mteja, Sponji, watu wa saluni waliosimama sasa wote, na barabara ndefu yenye jua.

"Sasa inama," alisema mkewe. "Nibebe mpaka nyumbani."